Nilikwenda Kujifunza Kuchora, Nikakutana na Mume Wangu

"Wewe hunitazami. Unanikagua."

Aliniambia hivyo mume wangu Jumapili moja jioni, mkono mmoja umeshika rimoti, mwingine umeshika kibakuli cha karanga, na wala hakupandisha sauti. Mimi nikacheka. Nikamwambia aache maneno ya kwenye tamthilia. Lakini usiku ule usingizi ulinipa shida, maana, msomaji wangu, kukagua watu ndiyo kazi inayoniweka mjini. Mimi ni ofisa mikopo katika benki moja hapa Dar es Salaam. Mtu akiketi mbele yangu, kabla hajamaliza kunisalimia nimeshaona viatu, saa, kucha na jinsi anavyoshika bahasha ya nyaraka zake. Dakika tatu ni nyingi. Miaka saba kazini imenifundisha hivyo na sioni aibu kusema nimeokoa pesa za watu.

Isitoshe, wakati ule nilikuwa nina sababu ya kumkagua. Pesa ya nyumbani ilikuwa inapungua. Kila mwisho wa mwezi kulikuwa na pengo, na pengo lenyewe lilikuwa lile lile, kama mtu anayelipa kodi mahali. Si unajua tena akili ya mwanamke inakimbilia wapi? Nilikuwa naamka saa nane usiku kusoma meseji kwenye simu yake. Sikuwa naona kitu. Kutoona kitu ndiko kulikozidi kunitia wazimu.

Sasa nisikudanganye kwamba kesho yake nilikimbilia darasa la sanaa ili kuokoa ndoa. Wapi! Kuna dada tuliyekuwa tunafanya naye kazi, alikuwa amelipia miezi mitatu ya darasa la kuchora, kila Jumamosi asubuhi, halafu akahamishiwa Mwanza. Akanipa nafasi yake. Pesa imeshalipwa, hairudishwi. Ofisa mikopo gani ataiacha ipotee?

Birika lililokuwa kichwani

Darasa lenyewe lilikuwa ukumbi mdogo nyuma ya nyumba moja Msasani, feni mbili, madirisha makubwa na meza zenye madoa ya rangi ya miaka mingi. Tulikuwa kumi na wanne. Mwalimu wetu ni mzee wa sitini na kitu, mpole, suruali yake imekunjwa miguuni kama mvuvi. Tulimwamkia, akaitikia marahaba yetu yote kwa mkupuo, akaweka birika la chai la bati juu ya stuli, akasema tuchore tunachokiona.

Nikachora birika. Tumbo, mfuniko, mkono nyuma, mdomo mbele umeinuka. Nikajiona nimeweza. Mwalimu akaja, akasimama nyuma yangu.

"Dada wa benki, birika hili liko wapi?"

"Si lile pale, mwalimu."

"Hapana. Lile pale mdomo wake umekuelekea wewe. Kutoka ulipokaa, mdomo wake ni kijiduara tu, kama kitovu. Wewe umeliona tangu utoto kwenye makopo ya majani ya chai, ndilo ulilochora."

Nikatazama tena. Kweli! Mdomo wa birika ulikuwa unanielekea kama mtutu, na mimi nilikuwa nimeuchora ubavu. Nilikuwa nimekaa mbele ya kitu dakika arobaini bila kukiona.

Jumamosi iliyofuata akatugawia picha ya mchoro wa mistari, akatuambia tuigeuze kichwa chini miguu juu, halafu tuinakili hivyo hivyo. Hili zoezi si lake. Lilienezwa na mwalimu wa sanaa wa Marekani, Betty Edwards, kwenye kitabu chake cha mwaka 1979, na siku hizi linatumika madarasa mengi duniani. Ukiigeuza picha, akili haisemi tena "hili ni goti, hii ni pua". Inabaki mistari tu: huu umepinda, huu umekutana na ule. Watu ambao wiki iliyopita walikuwa wanaapa hawana kipaji walitoa michoro ya kushangaza. Kaka mmoja wa kampuni ya simu alipoigeuza yake ikawa sawa alipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Nafikiri wengi wetu tunaacha kuchora tukiwa darasa la tatu au la nne, pale tunapoanza kuijua dunia kwa majina. Shuleni kwetu kipindi cha sanaa kilikuwa kwenye ratiba ya ukutani tu, kikifika anaingia mwalimu wa Hisabati. Mimi mwenyewe nilichapwa kwa kumchora kuku kwenye daftari la Jiografia. Yule kuku hadi leo naamini alikuwa mzuri.

Kivuli siyo cheusi

Mwezi wa pili tukaingia kwenye rangi, na hapo ndipo darasa lilipopungua. Penseli ina kifutio, rangi ya maji haina. Unaanza na rangi nyepesi, unakwenda kwenye nzito, na kila sehemu nyeupe ni karatasi yenyewe uliyokumbuka kuiacha. Ukishaipaka, basi. Na lazima usubiri tabaka la kwanza likauke kabla ya kuweka la pili, la sivyo vyote vinageuka matope. Kwa jasho na unyevu wa Dar wa mwezi Machi, kusubiri huko ni ibada. Mimi nilikuwa nasogeza karatasi chini ya feni, mwalimu anairudisha mezani.

Kulikuwa na wachumba wawili walikuja pamoja, wanatarajia kufunga ndoa Desemba. Yule kaka alikuwa kila mara ananyoosha brashi yake kwenye karatasi ya mwenzake, eti anamrekebishia. Dada wa watu kimya. Jumamosi ya tatu akachukua karatasi yake, akahamia meza ya mwisho karibu na choo, na huko ndiko alikochora kazi nzuri kuliko zetu zote. Nasikia harusi iko pale pale. Sina la kuongeza.

Nilichokuwa sijui kabisa ni habari ya kivuli. Mwalimu alitandika shuka nyeupe juu ya boksi, akatuuliza kivuli chake kina rangi gani. Tukajibu kwa pamoja kama chekechea: cheusi! Akatuambia tufumbe jicho moja, lile jingine tulifinye mpaka tuone ukungu. Basi, kivuli kilikuwa cha buluu upande wa dirisha, na upande wa ukuta wa njano kilikuwa na ukijani fulani. Cheusi hakikuwepo. Kopo la rangi nyeusi alikuwa amelificha tangu siku ya kwanza, akisema anayelitumia kwenye kivuli ni sawa na mpishi anayefunika kila kosa kwa chumvi.

Akatuonyesha jinsi ngozi zetu zinavyotengenezwa. Unachukua rangi ya udongo uliochomwa, ule wekundu wa matofali, ambao Wazungu wanauita kwa jina la mji wa Siena huko Italia. Ni udongo wenye kutu ya chuma, ukichomwa unazidi wekundu. Unaichanganya na buluu nzito. Ikizidi buluu unapata kivuli cha shingo, ikizidi udongo unapata shavu lililopigwa na jua. Ile buluu zamani ilisagwa kutoka kwenye jiwe lililochimbwa Afghanistan na bei yake ilitisha kama ya dhahabu, mpaka mwaka 1828 Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipopewa zawadi ya faranga 6,000 kwa kupata namna ya kuitengeneza kiwandani. Mwalimu alituhadithia haya huku akiminya tyubu kwa uchoyo kama bado inatoka Afghanistan.

Nikamuuliza siku moja: kama kuchora ni kutazama, vipi Tingatinga? Maana hatua chache kutoka darasani kwetu, pale Morogoro Stores, kuna twiga wa rangi ya waridi na chui wenye macho kama sahani, na hakuna chui wa namna hiyo porini. Mzee akafurahi kama niliyemletea zawadi. Edward Saidi Tingatinga, akasema, alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar kutafuta maisha kama wengine, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora kwenye mbao laini kwa rangi za mafuta zile zile za kupakia baiskeli. Alifanya hivyo miaka kama minne tu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa ni mtu mwingine, akafa akiwa na miaka arobaini, na mtindo wake ukabaki na ndugu na wanafunzi wake. "Yule alichora anachokijua kuhusu chui, na alikijua mpaka mwisho. Wewe birika ulikuwa hulijui wala huliangalii."

Siku hiyo hiyo akatuonyesha kitabuni kazi ya Sam Ntiro, Mchaga aliyesoma Makerere na baadaye London, na baada ya uhuru akawa Balozi wetu Uingereza. Kuna mchoro wake wa mwaka 1956 uliopo kwenye jumba la Museum of Modern Art, New York: wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi, usiku. Usiku! Nikaanza kutafuta rangi nyeusi ipo wapi.

Duka la mbele tu

Nisije nikakufanya uamini kwamba kutazama kunamlainisha mtu. Katikati ya darasa hilo nilitumwa kukagua duka la mama mmoja aliyeomba mkopo wa kuongeza mtaji. Zamani ningesimama mlangoni, nione rafu zimejaa, nijaze fomu, niondoke kabla ya foleni. Safari hii nikajikuta nimesimama, nimefinya jicho kama mjinga. Nikaona mwanga. Mwanga wa dirisha la nyuma ulikuwa unapita katikati ya makopo. Kama rafu imejaa, mwanga unapitaje? Nikaomba kuona nyuma ya mstari wa mbele. Hakukuwa na kitu. Mstari mmoja wa bidhaa, nyuma hewa, na mama wa watu akaanza kulia pale pale: zile za mbele alikuwa ameziazima kwa jirani kwa ajili yangu.

Mkopo sikuupitisha. Nilikaa naye nusu saa, akanieleza kilichomla mtaji, nikarudi ofisini na kichwa kinauma. Bosi akanisifu. Hizo sifa sikuzipenda.

Alhamisi nne

Mwezi wa tatu, mtihani: uso wa mtu unayeishi naye, kwa rangi ya akriliki, vikao vinne vya saa mbili. Siyo picha ya simu. Mtu mwenyewe, kwenye kiti.

Mume wangu alikubali kwa sharti kwamba Alhamisi hakuna mechi ya maana. Nikamweka sebuleni, taa ya mezani upande mmoja, tivii imezimwa. Kikao cha kwanza kilikuwa vicheko tu. Anajikuna, anauliza kama anaruhusiwa kumeza mate. Nikanyoosha mkono na penseli, jicho moja nimefumba, nikampima kama fundi. Ulishawahi kujua kwamba macho yapo katikati kabisa ya kichwa? Toka utosini mpaka kidevuni, macho ni nusu ya njia. Wanaoanza wote tunayapandisha juu, kwa sababu paji la uso na nywele tunaviona havina habari. Kati ya jicho na jicho kuna nafasi ya jicho moja. Sikio linaanzia usawa wa nyusi linaishia usawa wa pua. Nilipima mara tatu ndipo nikaamini.

Na nikaona kovu. Dogo, linakata nyusi. Miaka minne ya ndoa, miwili ya uchumba, sijawahi kuuliza. "Nilianguka mwembeni Kilosa, nikiwa na miaka tisa," akasema, akashangaa kwamba sijui. Kovu nikaliacha kwanza, mwalimu alishatuonya kwamba alama ndogo ni za mwisho.

Kikao cha pili ndipo nikaanza rangi, na nikakwama chini ya macho yake. Nikachanganya ile ya udongo na buluu kidogo: bado. Nikaongeza buluu. Bado. Nikaongeza tena, na tone la zambarau, mpaka nikawa nafikiri nimekosea mchanganyo. Nikasogeza sahani ya rangi karibu na uso wake kulinganisha. Ilikuwa sawasawa. Ndiyo rangi aliyokuwa nayo. Mimi nilikuwa nalala kando ya uso huu kila siku, nimeamka saa nane za usiku mara ngapi kupapasa simu yake, na sikuwahi hata kumulika alivyochoka.

Alhamisi ya tatu, nikiwa nimeshika brashi, nikamuuliza, "Hivi hulali?"

Siku zote nilikuwa nauliza "ulikuwa wapi?" Hili swali jingine sijui lilitokea wapi. Akanyamaza. Sheria ya darasa ni kwamba anayechorwa asigeuke, basi akabaki amenitazama hivyo hivyo, hana pa kukwepa, na mimi nikabaki namtazama. Halafu akasema.

Mdogo wake aliyeko Morogoro alichukua mkopo wa Bajaji. Mdhamini akawa yeye. Bajaji ikaibwa, dogo akashindwa, na kwa miezi nane mume wangu alikuwa analipa 230,000 kila mwezi. Zilikuwa zimebaki 4,600,000.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Ungenitazama kama unavyowatazama wale."

Wasomaji wa gazeti hili mnapenda mapatano ya haraka, najua, hata mimi nayapenda. Lakini nilikasirika. Nilipandisha sauti mpaka jirani akapunguza redio. Nilimwambia nimekaa miezi nane nikimtafuta mwanamke ambaye hayupo, nimekonda, nimegombana na mama yangu mzazi kwa ajili ya mwanamke huyo. Nilimwambia mdhamini ana deni sawasawa na aliyekopa, hilo ningemweleza bure kabla hajasaini. Akasema ndiyo maana hakuniuliza. Akriliki hukauka dakika chache tu, na brashi yangu nzuri niliyoinunua Kariakoo iligeuka mti usiku ule.

Siku mbili hatukusemeshana. Jumamosi nikaenda darasani na picha yake chini ya kwapa, tukiwa tumebaki sita tu, nikamalizia nyusi, sikio na kola ya shati bila yeye kuwepo. Mwalimu alisema tu kwamba chini ya macho pamepatikana.

Alhamisi ya nne sikumwita. Nilikuwa jikoni, nikasikia kiti kinaburuzwa. Nilipotoka nikamkuta ameshaketi, taa ameiwasha mwenyewe upande ule ule. Tukafanya kazi saa mbili. Maneno yalikuwa machache, mengi yakiwa "inua kidevu". Tulipomaliza nikaleta kalamu na karatasi ya kawaida, tukapanga marejesho: kiasi gani atoe yeye, kiasi gani mimi, na dogo naye aanze na 50,000 hata kama ni za kubeba mizigo. Hapo sasa kukagua kukawa na faida. Leo zimebaki 2,300,000. Simu yake siigusi, ingawa nikisema hamu imeisha kabisa nitakuwa mwongo.

Darasa likaisha. Picha tuliitundika sebuleni, juu ya friji, maana hapakuwa na msumari mwingine.

Mwezi uliopita mama mkwe akaja kutoka Kilosa. Nikampokea, shikamoo mama, marahaba mwanangu, mizigo ikaingia, maembe, mchele, kuku wawili wazima. Akaiona. Akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Umemzeesha mwanangu."

"Ndivyo alivyo, mama. Amechoka."

Akasogea, akavaa miwani. Akakiweka kidole kwenye nyusi, karibu kabisa na rangi.

"Na hili kovu umeliweka siko."

Nikamwambia haiwezekani, nimempima na penseli. Akanitazama kama mtu aliyembeba mtoto mgongoni mpaka zahanati damu ikimtiririka begani. Tukamwita mwenyewe chumbani, akaja na taulo, akasimama kando ya picha. Mama alikuwa sahihi. Kovu lipo nyusi yake ya kushoto. Ile Jumamosi ya hasira nilikumbuka neno "kushoto", nikalipaka upande wa kushoto wa picha, yaani kulia kwake.

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa. Mume wangu amekubali kukaa tena kwenye kiti Alhamisi hii, nusu saa tu, maana saa nne kuna mpira.